Nafsi ya Kwanza, Umoja

Swali lenyewe ni jepesi kuliko yote: "Hebu tueleze kuhusu wewe." Msaili hulitoa akiwa bado anapanga karatasi zake mezani, kama salamu tu. Nimeliona likiwaangusha vijana wenye akili kunizidi.

Nafundisha Kiswahili katika sekondari ya kata upande wa Sapiwi, nje ya mji wa Bariadi. Kipindi cha Ijumaa mchana, ambacho kwenye ratiba kimeandikwa ushauri na unasihi, nilirithishwa mwalimu mwenzangu alipohamishwa. Mkuu wa shule aliingia ofisini kutafuta mtu wa kumwachia, akanikuta nasahihisha insha huku nacheka. Hapa ukicheka kazini unadhaniwa una nafasi. Nikakipokea. Waliotangulia walikuwa wakikitumia kuwaambia wanafunzi wasome kwa bidii, habari waliyoanza kuisikia tangu chekechea. Mimi nikaamua tufanye mazoezi ya usaili, maana siku hizi uende chuo, uende kuomba kazi, hata ya kusimama kwenye duka la dawa pale mjini, utakalishwa kwenye kiti uulizwe wewe ni nani.

Mvulana wa kwanza kulijibu swali lile alisimama, akaweka mikono nyuma, akasema yeye ni mtoto wa fulani, naye ni mtoto wa fulani, waliohama kutoka Meatu mwaka wa ukame na ng'ombe wao, wakapokelewa na mzee fulani ambaye ni mjomba wa mama yake. Alipofika kwa shangazi nikamzuia.

"Na wewe?"

"Mimi ndiyo huyo, madamu."

Darasa halikucheka. Walikuwa wanasubiri amalizie upande wa mama.

Mimi ni Msukuma wa Binza, pale Maswa, na nilijua vizuri alichokuwa akifanya. Kwetu mtu akijieleza bila kutaja watu wake, wanaomsikiliza huanza kujiuliza alikimbia nini huko alikotoka. Lakini nilijua pia kwamba msaili, kufikia kwenye ng'ombe wa Meatu, ameshatazama saa. Kwa hiyo nikawakataza ukoo. Ijumaa iliyofuata wakaja na maneno waliyoyaokota kwenye simu: mimi ni mchapakazi, ninajiamini, napenda changamoto. Darasa zima lilikuwa linapenda changamoto. Nikamwuliza mmoja changamoto gani ya mwisho aliyoipenda, akafikiri, akasema hajaipata bado.

Nina hasira za karibu, sikatai, na vijana hawa wananijua. Nikianza kuzungusha chaki vidoleni wananyamaza wenyewe. Lakini sikuwahi kumkasirikia mtu kwa ukaidi wa upole kama nilivyomkasirikia binti mmoja wa kidato cha nne, mfupi, msikivu, mwenye mwandiko mzuri, ambaye sikuweza kumtoa mdomoni neno moja tu la Kiswahili. Neno lenyewe ni mimi.

Ili nieleweke inabidi nieleze habari za pampu. Shuleni tuna kisima cha pampu ya mkono, na kiangazi cha mwaka wao wa kidato cha nne iligoma. Ukisukuma mpini ulikuwa unapanda na kushuka bila kuleta kitu. Fundi wa kata alikuwa na visima vingi vya kuhudumia, akaahidi, akaahidi tena. Wasichana wakawa wanatumwa na ndoo mpaka bwawani, na wavulana, kwa sababu ambazo hakuna aliyezieleza, wakawa wanabaki kusoma. Ndipo wasichana wanne wakaifungua pampu. Waliazima spana kwa fundi pikipiki wa hapo senta, wakavuta vyuma vya ndani kimoja kimoja mpaka wakaukuta mpira wa chini umelika wote. Wakakata mwingine kutoka kwenye tairi kuukuu, wakaurudisha. Maji yakatoka ya kutu, kisha yakatoka meupe. Fundi alipokuja hatimaye na mpira wa dukani alikuta foleni ya ndoo, akaubadilisha, akawapa mikono wote wanne.

Wazo la kuifungua lilikuwa la mmoja wao, binti mrefu, mcheshi, aliyekuwa akikaa dawati moja na huyu mfupi wangu, naye mmoja wa wale wanne. Shule nzima ilijua. Yeye ndiye aliyesema, "Kwani fundi akija atafanya nini, si ataifungua? Tuifungue." Wale wengine waliogopa kesi, yeye akaenda kuazima spana. Fizikia ilimshinda, hesabu ilimshinda, lakini woga haukumweza.

Mwaka uliofuata matokeo yakatoka. Yule mrefu hakufaulu, akarudi nyumbani kulima pamba na wazazi wake. Huyu mfupi alipata alama za wastani, hesabu na fizikia zikiwa zimemkaa vizuri, lakini kidato cha tano hakuchaguliwa. Shangazi yake wa Mkula akatuma ujumbe kwamba ameshamwandalia meza ya nguo sokoni, aende wasaidiane. Si kazi mbaya. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na meza ya nguo. Ila yeye hakuitaka. Alitaka ufundi wa maji. Alikuja kuniambia nyumbani kwangu, amesimama mlangoni, akisema kwamba "tumekuwa tukifikiria sana habari za maji." Nikamwuliza yeye na nani. Akatazama chini.

Mwezi wa tano shirika moja likatangaza kwamba litawasomesha wasichana wachache chuo cha maji, ada na malazi yakiwa juu yao, na wenye hesabu na fizikia waombe. Tuliomba. Akaitwa kwenye usaili, Bariadi mjini. Asipopata hapo, ni Mkula na meza ya nguo, na mama yake alishasema hatakuwa na sababu ya kumzuia tena shangazi mtu. Tukaanza mazoezi, mimi na yeye tu, kwenye darasa tupu baada ya vipindi.

Aliingia akapiga goti kunisalimia. Hilo nikaliacha, goti halijamnyima mtu chuo. Akakaa. Nikatoa sauti yangu ya ofisini.

"Tueleze, umewahi kufanya kazi yoyote inayohusu maji?"

"Ndiyo. Tulitengeneza pampu ya shule."

"Wewe ulifanya nini?"

"Tulivuta vyuma, tukakata mpira, tukarudisha."

"Nani alikata mpira?"

"Tulikata sisi."

"Wembe uliushika wewe au mliushika wanne?"

"Niliushika. Lakini tairi lilikuwa la kaka yake mwenzangu mwingine. Na wao walikuwa wamelibana lisiteleze."

"Basi sema, mimi nilikata mpira."

"Tulikata mpira, madamu."

Nikaanza kuzungusha chaki. Nikamwambia kwamba hao wasaili hawajaleta nafasi ya watu wanne, wameleta kiti kimoja, na kwenye kiti kimoja hawawezi kukaa sisi. Akanijibu kwa adabu zote, macho sakafuni, "Lakini madamu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hiyo nilimfundisha mimi, kidato cha pili, na katika mtihani aliipatia. Nilitoka nje nikacheka peke yangu, kisha nikarudi na uso wa kazi.

Wiki mbili tulikuwa pale pale. Nikimkazia sana anasema mimi mara moja, kwa sauti ya chini, sentensi inayofuata anarudi kwao wanne. Jumamosi moja nikaamua kwenda kwao. Niliwakuta shambani wanachuma pamba, nami nikafunga kanga kiunoni nikaingia mstarini, maana huwezi kusimama pembeni ya shamba la watu wanaochuma ukaanza kuhutubia. Tukasalimiana na mama yake, mwangaluka mayu, mwangaluka, habari za nyumbani, habari za shule, mpaka zikaisha. Nikamweleza shida yangu. Mama alikuwa anachuma kwa mikono miwili, haraka, bila kutazama vidole.

"Mwalimu, sisi hapa mtoto akiamka na nene, nene, mimi, mimi, bibi yake anamwambia huyu atakuja kula peke yake," akasema. "Sasa akisema mimi huko, hao wengine atawaweka wapi?"

Nikamwambia hatawaweka popote, watabaki palepale walipo, na hakuna mtu atakayewanyang'anya kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa, kweli, nikasema, lakini waliyemwandikia barua ni kidole kimoja. Mama akacheka. Kisha akamwita binti yake aliyekuwa mistari kadhaa mbele, akamwambia kwa Kisukuma amfanyie mwalimu anachotaka, mwalimu amefika mpaka shambani. Ndivyo nilivyoshinda. Ruhusa ilitolewa kama unavyomruhusu mtoto akale kwa jirani.

Ila ruhusa haikufungua mdomo. Kilichoufungua ni mimi kukumbuka kwamba mbele yangu alikuwepo mwanafunzi aliyekuwa akipata zote kwenye sarufi. Jumatatu nikaandika ubaoni: Badilisha sentensi zifuatazo kutoka wingi kwenda umoja. Tulivuta vyuma. Tulikata mpira. Tulirudisha pampu. Akazifanya zote bila kusita. Nilivuta vyuma. Nilikata mpira. Nilirudisha pampu. Nikamwambia, "Sasa zisome." Akazisoma. "Tena, ukinitazama." Akazisoma akinitazama. Nikamwambia, "Huko ndani ni hivihivi. Kila penye sisi, weka mimi." Akaitikia kwa kichwa, na uso wake ukalegea, kama mtu aliyeonyeshwa kwamba mlango ulikuwa wa kusukuma naye alikuwa anavuta. Kuanzia siku ile akawa anajibu maswali yote sawasawa, na mimi nikalala vizuri.

Siku ya usaili tulipanda pikipiki ya jirani yetu asubuhi, sketi yake nyeusi ameifunika kanga isipate vumbi. Mimi niliachwa barazani pamoja na wazazi wa wasichana wengine. Wasichana wenyewe walikuwa wamekaa kwenye benchi wamebana magoti, midomo inacheza, kila mmoja anapenda changamoto. Wangu alikuwa ametulia. Alipoitwa alinyanyuka, akaingia, na kwa upenyo wa mlango nikaona goti likipigwa. Nikasali. Mimi si mtu wa kusali kila mara lakini pale nilisali.

Alitoka akanijia barazani. Nikampeleka kwenye mgahawa karibu na soko, nikaagiza chai na chapati, nikasubiri anywe kwanza.

"Nimesema mimi, madamu," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho."

Nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi kiasi cha kumpigia mhudumu kelele alete chapati nyingine. Nikamwambia anisimulie swali moja moja. Akaanza. Wamemwuliza habari zake, akawaeleza. Wamemwuliza habari za pampu, akawaeleza vyuma, mpira, wembe, maji ya kutu. Mama mmoja kati ya wasaili alikuwa mtu wa visima mwenyewe, akamwuliza mambo ya ndani ya pampu, akayajibu.

"Halafu yule mama akaniuliza, nani aliyekuwa na wazo la kuifungua."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, mimi."

Nikaweka kikombe chini. Yeye alikuwa anamega chapati.

"Lakini lile si lilikuwa wazo la mwenzako?"

"Ndiyo, madamu. Ni lake." Akanitazama, na hakukuwa na ujanja wowote katika macho yale, nimewafundisha wajanja, nawajua. "Lakini si ulisema kila penye sisi niweke mimi?"

Mtoto huyu hakuwa amejisifu na wala hakuwa amedanganya, kwa jinsi alivyoelewa yeye. Alikuwa amefanya zoezi. Katika kichwa chake wazo lile lilikuwa letu, na letu ukilipeleka kwenye umoja linakuwa langu, ndivyo sarufi inavyotaka. Mimi mwenyewe ningempa alama zote. Nikamweleza taratibu, hapo mezani, kwamba neno mimi ni la kile alichokifanya mwenyewe, na kile cha mwenzake husemwa kwa neno yeye, nafsi ya tatu. Nilimwona akielewa. Ilikuwa vigumu kumtazama, maana aliacha kula.

"Nirudi nikawaambie?"

Mlango ulikuwa umeshafungwa na wasaili wameondoka na gari lao. Nikamwambia tusubiri majibu kwanza. Huenda wasimchague, na hapo hakutakuwa na kitu cha kurekebisha.

Walimchagua. Yule mama wa visima ndiye aliyenipigia simu, kwa furaha, akasema wasichana wote walikuwa wazuri, ila huyu wamempenda kwa jambo moja. "Wengine wanasubiri fundi, mwalimu. Huyu hakusubiri. Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemtafuta." Nikashukuru. Simu ilipokatika nilikaa kwa muda ofisini na daftari za kidato cha kwanza mbele yangu, sikusahihisha hata moja. Sikuwa najuta kumfundisha neno lile, na hata leo sijuti. Nalifundisha kila Ijumaa na nitalifundisha mpaka nistaafu, kwa sababu hakuna chuo ninachokijua kinachodahili ukoo. Lakini niliumia.

Nilipompa habari alishukuru, akapiga goti, akasema wabeja madamu. Kisha akasema hawezi kwenda chuo kabla hajamwambia mwenzake, na kwamba peke yake hataweza, nimsindikize.

Tulimkuta yule mrefu nyuma ya nyumba yao, amekaa juu ya mkeka katikati ya pamba, anatenga nyeupe na iliyochafuka. Alifurahi kutuona, akasogeza vitu, akatutania kwamba tumekuja kuchukua vibarua. Alikuwa ameshasikia kwamba mwenzake amepata. Huku habari hutangulia mtu. Akampa mkono wa pongezi, akaurudia mara mbili.

Mwenzake hakukaa. Akamweleza amesimama, moja kwa moja, kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili kana kwamba asingekuwa amesema mpaka aseme kwa lugha ile aliyoikosea. Kwamba waliuliza wazo lilikuwa la nani. Kwamba alisema la kwangu mimi. Kwamba hilo ndilo walilompendea.

Yule mrefu aliendelea kutenga pamba. Nyeupe huku, chafu huku.

"Walikucheka?" akauliza.

"Hapana. Waliandika."

"Waliandika," akarudia.

"Nitawapigia. Madamu ana namba. Nitawaambia ni wewe."

"Halafu?"

Yule mrefu akaninyanyulia macho mimi, na utani wote ulikuwa umeondoka usoni.

"Madamu, wakiambiwa ni mimi, wataniita?"

Miaka yote ya kipindi cha Ijumaa sijawahi kukosa la kumwambia mwanafunzi. Njia ziko nyingi, huwa nasema. Kuna kurudia mitihani, kuna ufundi wa mtaani, kuna vikundi. Vyote ni kweli na vyote ningevisema baadaye, na nilivisema, na kimojawapo anakifanyia kazi mpaka sasa. Lakini hakuniuliza hayo. Aliniuliza wale watu, kiti kile.

"Hapana," nikasema. "Hawatakuita."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea. Akakusanya pamba nyeupe kwa mikono yote miwili, akaibana kifuani.

"Basi asiwapigie. Aende," akasema. "Angalau wazo langu lisome."

Akamwambia mwenzake amshikie gunia. Mwenzake akapiga magoti pale kwenye mkeka akalishika, analia bila sauti, na yule mrefu akawa anashindilia pamba ndani, safari baada ya safari, mpaka lilipojaa.